Chandarua Chenye Sakafu

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana siri. Mtu akikukabidhi kichwa chake atakueleza mambo yake yote, nawe ukichoka kusikiliza utaanza kumweleza yako. Ndiyo sababu Kalemie nzima, kutoka stesheni hadi ng'ambo ya mto Lukuga, ilijua kwamba nimehama nyumba yangu nikaenda kulala uani ndani ya hema, nyumba ikiwa pale pale, mlango wazi na taa inawaka. Walinicheka hadi mbavu zikawauma. Wacheke tu. Sijawahi kuwa na msimu wa mvua mtamu kama ule.

Chanzo kilikuwa mimba. Ya kwanza ilitoka, mke wangu akiwa peke yake nyumbani na mimi niko kibandani kwangu nabishana na wateja juu ya mpira. Hatukuizungumzia sana baadaye, lakini ilikaa kati yetu. Ya pili ilipokua, tumbo likaanza kumtangulia mlangoni, aliniita akaniambia, "Papa, hii sizai bila mama yangu." Alisema akiwa anachambua mchele, hata hakuinua macho. Nikajua hapo hakuna mjadala.

Sasa, watu wa mke wangu ni Waluba wa upande wa Kabalo, na bukwe, ile miiko ya ukwe, kwao si mchezo. Mume wa binti hali mbele ya mama mukwe. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani anaingia kichakani, na kama hakuna kichaka anainama kufunga kamba za viatu, hata kama amevaa kandambili. Hawasemezani; wakiwa na jambo la kuambiana, wanapitisha kwa mtu wa katikati. Na kubwa kuliko yote, hawalali chini ya bati moja. Si chuki. Watu wa mbali hudhani ni chuki. Ni heshima, tena nzito, na mimi naipenda. Shida ni kwamba nyumba yetu ya kupanga ina vyumba viwili na bati moja.

Nikasema, basi, nitalala kwa rafiki yangu. Jibu lilikuja kwenye simu ya mke wangu, sauti imefunguliwa yote, mama akijifanya hajui kama nasikia. "Sitaki waseme nilifika Kalemie nikafukuza mwenye nyumba akaombe kitanda kwa watu. Mwanaume analala kwenye parsele yake, kiwanjani kwake. Na alale pakavu! Siku nitasikia amelowa kwa ajili yangu, narudi na treni."

Uani kwangu kuna jiko la makuti, mpapai mmoja na nguzo ya kuanikia nguo. Ningelala pakavu wapi hapo, katikati ya msimu wa mvua? Nikaenda sokoni kutafuta bashi, turubai la plastiki. Nilikuwa napita kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya kutoka Kigoma nikaona mfuko mrefu wa kijani, umekazwa kwa kamba.

"Njo nini hii?"

"Hema, Papa. La kubeba mgongoni. Wazungu wanapanda nalo milimani."

"Mimi sipandi mlima. Nataka kulala uani kwangu."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "Bibi amekufukuza?"

"Mama yake anakuja."

"Ee! Pole sana, Papa. Lichukue, nakupunguzia."

Tulilifungua kitandani, mimi na mke wangu. Ndani mlikuwa na nguo ya kijani, nyepesi lakini maji hayapiti. Fito nyembamba zinazojikunja, zimeshikana kwa mpira ndani. Vigingi, kamba, na kitu kingine laini kilichokunjwa peke yake. Mke wangu alikikunjua akapiga ukelele wa furaha. Kilikuwa chandarua! Tena si hivi vyetu vya kugawiwa ambavyo mbu huingia na jamaa zake. Hiki kilikuwa kimeshonwa pande zote, kina mlango wa zipu, na chini kina sakafu ya kitambaa kigumu.

"Chandarua chenye sakafu," mke wangu alisema. "Hata kunguni hapiti. Hiki ni cha mama."

Nilifurahi kweli. Nikasema, wazungu wana akili: wanakuuzia hema, wanakuongezea chandarua. Nilikitundika kwa kamba juu ya kitanda cha mgeni, sakafu yake nikaitandika juu ya godoro, nikarudi nyuma hatua moja kukitazama, mikono kiunoni. Fito zilibaki, kwa sababu kwenye ile nguo ya kijani sikuona pa kuzichomeka. Mke wangu akaziweka kando ya jiko, zikawa za kuanikia matambara.

Treni ya Kabalo haina saa, ina tabia. Ilifika siku iliyotaka. Nilisimama stesheni nimegeuzia mabehewa mgongo, kama mtu anayesubiri kitu kutoka ziwani, hadi nikasikia mke wangu analia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa ameshuka na mfuko mmoja, kikapu kimoja, na kuku mwekundu amefungwa miguu. Kuku huyo alikuwa wa supu ya mzazi. Alipaswa kuishi hadi mtoto azaliwe, basi. Nilibeba mzigo nikatangulia mbele bila kugeuka.

Tulipofika, mke wangu aliingia ndani kuchemsha maji, na mimi na mama mukwe tukabaki uani, yeye kwake na mimi kwangu, hakuna mtu wa katikati. Akamfungua kuku miguu, akamwambia kwa sauti ya kunifikia vizuri: "Kuku, umeona? Pale njo atalala yule muntu. Ndani ya nguo."

Tangu siku hiyo kuku akawa mjumbe wetu. Sijui kama desturi inaruhusu. Mama hakuuliza mtu.

Na alikuwa na haki ya kushangaa, maana hema nililisimamisha vibaya, Mungu anisamehe. Kwa kuwa fito hazikuwa na kazi, nilifunga nguo ya kijani upande mmoja kwenye mpapai na upande wa pili kwenye nguzo ya nguo. Katikati ililegea ikaning'inia. Chini nilitandaza bashi kubwa, lenye kutokeza pande zote, kwa sababu kwetu mkeka unaotokeza ni ukarimu. Mlango niliuelekeza ziwani nipate upepo. Vigingi nilivichomeka wima, kwenye mchanga. Kisha nilishusha nguo hadi chini na kuziba kila tundu, maana chandarua sikuwa nacho na mbu walikuwa wananijua kwa jina.

"Kuku," mama alisema, akiwa anapepeta unga, "mimi sina neno. Lakini hata ngozi ya ngoma tunaikaza."

Nilikasirika. Nilisema moyoni, ngoma na hema wapi na wapi? Asubuhi ya kwanza niliamka blanketi likiwa na umande, na mvua haikuwa imenyesha. Nilipapasa nguo ya juu nikakuta matone upande wa ndani. Pumzi yangu mwenyewe! Ilipanda, ikagonga nguo baridi, ikageuka maji, ikanidondokea. Nimejilowesha kwa kupumua, jamani.

Mvua yenyewe ilipokuja ilitoka ziwani, ikaingia moja kwa moja mlangoni bila kubisha hodi. Vigingi vilitoka mchangani vyote vya upande mmoja. Bashi langu la ukarimu likapokea maji ya uwanja mzima na kuyaleta chini ya mbavu zangu. Nilikaa katikati, nimekumbatia mto, nikinong'ona ili mama asisikie matusi.

Kulipopambazuka nilifanya walichofanya wengi kabla yangu: nilificha. Nilikunja blanketi nikalipeleka kibandani kwangu, nikalianika nyuma ya kioo. Likanuka. Mteja wa kwanza aliuliza kama nafuga mbuzi. Mteja wa pili alikuwa jirani yetu, mama mwenye kukata nywele fupi na kusema maneno marefu. Aliona ncha ya blanketi, akalivuta, likachuruzika maji miguuni pake.

"Papa! Umeogelea na blanketi?"

Nilimwomba kwa mbingu na ardhi. Akaapa hatasema. Kutoka kwangu alipitia robine, pale wanawake wote wanapochotea maji, na kabla ya mchana mama mukwe alikuwa na habari yote, pamoja na harufu.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa kizingitini, mfuko wake umeshafungwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza. "Kuku," alisema taratibu, "treni ikipiga honi, tunakwenda. Mimi siwezi kuua mume wa mwanangu kwa baridi. Atazalishwa na watu wengine."

Mke wangu alisimama nyuma yake, mkono mmoja tumboni. Hakulia. Alinitazama tu, na nilijua anakumbuka ile mara ya kwanza, kwa sababu nami nilikuwa nakumbuka. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Na mimi nikiogopa nakuwa mkali, basi nikaenda nikalipiga lile hema teke. Likaanguka lote, likaniangukia mguuni, nikaanguka nalo. Kuku alipiga kelele uwanja mzima.

Kwetu mgeni mwenye adabu hufua alivyolalia kabla hajaondoka. Kesho yake mama alifua shuka, foronya na chandarua, akavianika. Mimi nilikuwa nimeanika ile nguo ya kijani kwenye kamba hiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa nakunywa chai yangu nyuma ya jiko, ambako mama hanioni, nikitazama kamba bila kufikiri kitu. Upepo ukavipeperusha viwili vile pamoja. Kwenye pembe za nguo ya kijani kulikuwa na vitanzi vya rangi ya chungwa. Kwenye pembe za chandarua kulikuwa na vitanzi vya rangi ya chungwa. Na juu ya chandarua, mstari mzima, ndoano ndogo ndogo za rangi ile ile, ambazo hazijawahi kushika kitu. Nikageuza macho nikaona fito zimeegemea jiko, zimevaa matambara.

Chai ilinimwagikia. Hakikuwa chandarua! Ndilo lilikuwa hema lenyewe, tumbo lake. Ya kijani ilikuwa koti tu la mvua. Nilikuwa nimelala kwenye koti, na hema langu nimemtundikia mama mukwe kitandani.

Nilimvuta mke wangu nyuma ya jiko nikamweleza. Alicheka hadi akashika ukuta. Tumbo lote lilikuwa linacheza.

"Nenda umwambie," nikamwambia.

"Mimi? Nimwambie mama nini? Mama, toa, mukwe wako anataka kitu ulicholalia?"

Akili ikanirudi. Kitu kilichokaa kwenye kitanda cha mama mukwe! Huwezi kukigusa, huwezi kukiomba, hata kukitaja ni matata. Na nikinyamaza, treni inakuja. Mke wangu akaacha kucheka, akanifuta chai kwenye shati. "Siwezi, Papa. Hata kwa mama yangu, hilo siwezi."

Basi nilifanya jambo ambalo wateja wangu hadi leo wananiomba nilirudie. Nilizunguka nyumba nikachuchumaa upande wa pili wa ukuta, karibu na dirisha la chumba cha mgeni, ambamo mama alikuwa anapumzika. Kuku alikuwa anachakura pale. Nikakohoa.

"Kuku," nikasema, "wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami sitaki watu wa nyumba hii wasizae. Basi nisikilize. Kuna mjinga mmoja alinunua hema sokoni. Hema lina nguo mbili, ya ndani na ya nje. Yule mjinga akaona ya ndani ina sakafu, akadhani ni chandarua, akampa mtu anayemheshimu kuliko watu wote. Yeye akalala kwenye koti. Ndiyo maana alilowa. Hakulowa kwa sababu ya mgeni. Alilowa kwa ujinga wake."

Kuku akainamisha kichwa, akanitazama kwa jicho moja. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha nikasikia sauti ndogo ya kukwama, halafu ikafunguka: mama mukwe alikuwa anacheka. Alicheka akapumzika, akaanza tena, akapiga paja. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kile kile cha mke wangu, tofauti ni umri tu.

Nilipotoka pale, chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti katikati ya uwanja. "Kuku," alisema kutoka ndani, "kazi iko pale. Na mbu wa Kabalo ni wakubwa kuliko wa huku. Sitakufa." Jirani wa maneno marefu, kwa kujua kosa lake, alimletea chandarua cha kawaida kabla jua halijazama.

Tulisimamisha hema asubuhi, jua zuri. Nilimletea mke wangu kiti changu cha kunyolea, chenye kuegemea, akakaa kama jaji. Kwanza tulihama. Chini ya mpapai maji yalikuwa yanajikusanya. Tukachagua pale palipoinuka kidogo, nikafagia mawe na mizizi. Bashi nililikunja kingo zote hadi likawa dogo kuliko sakafu ya hema, hata kidole kimoja kisionekane nje. Ukarimu uishie kwenye mkeka. Kisha nikaunga fito, zikaitikiana ta-ta-ta zenyewe, nikachomeka ncha kwenye vitanzi, ndoano zikazidaka fito moja baada ya nyingine, na ile nguo ikasimama peke yake uwanjani bila mpapai wala nguzo. Jirani alipiga vigelegele. Na mimi nilipiga, sikuona haya.

"Mlango wapi?" mke wangu akauliza.

Hapo palitaka fikra. Mlango ukielekea ziwani, upepo na mvua vinaingia. Ukielekea nyumbani, mimi na mama tunatazamana. Tuliuelekeza kwenye ua wa jirani, mgongo wa hema ukapewa ziwa.

Nikatupia koti la kijani juu, nikalifunga pembe kwa pembe. Vigingi safari hii nilivichomeka kwa kuvilaza, vichwa vikitazama mbali na hema, na juu ya kila kimoja nikaweka jiwe, kwa sababu mchanga wa Kalemie haushiki ahadi. Kamba nilizivuta kufuata mshono, kidogo huku, kidogo kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, hema zima linageuza shingo. Mke wangu alikuwa ananyoosha kidole: "Kunyanzi pale! Na pale!" Nilizunguka hadi hapakuwa na kunyanzi. Nilipiga kitambaa kwa ukucha kikalia. Nikaingiza mkono kati ya nguo ya juu na ya chini, ukapita kote bila kugusa huku na huku, na tundu la juu la kupumulia nikaliacha wazi ijapokuwa roho iliniambia ziba.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, amenipa mgongo nusu. Alitazama muda mrefu ile nafasi kati ya vitambaa viwili.

"Kuku," alisema, "unaona? Njo bukwe ile. Vinakaa pamoja, havigusani, na ndani panabaki pakavu."

Mke wangu akainamisha uso. Mimi nilikwenda kukaza kamba ambayo haikuhitaji kukazwa.

Niliingia ndani nijaribu kulala. Sijakaa vizuri, nikasikia maji bwaa! juu ya kichwa. Mama alikuwa amemwaga beseni zima la maji ya kusuuzia vyombo. Yaliteremka pande zote nikaona vivuli vyake vinapita, na kwangu hakuna tone. "Kavu!" nikapiga kelele. "Kavu kabisa!" Walicheka wote uwanjani, na jirani akaenda kuchukua beseni lake naye amwage.

Lakini mama hakufungua mfuko. "Kuku, maji ya beseni si mvua. Ikitangulia treni, tunakwenda. Ikitangulia mvua, tutaona."

Mvua ikafanya kiburi. Jua likawaka siku baada ya siku, na mimi, mwenye kulalamikia matope kila mwaka, nikawa nasimama mlangoni pa kibanda changu kuyabembeleza mawingu. Wateja waliniletea habari za treni kama za vita: imeonekana, imekwama, inatengenezwa, inakuja.

Vilikuja pamoja. Asubuhi moja ziwa liligeuka jeusi, na kabla upepo haujafika honi ya treni ikasikika mbali, upande wa Lukuga. Mama alitoa mfuko akauweka kizingitini, akamkamata kuku akamfunga miguu. Mke wangu alisimama karibu naye. Nami kwa heshima nikaingia hemani, kwa sababu barazani alikuwa yeye.

Mvua ya ziwani haishuki, inakuja imelala. Ilipiga mgongo wa hema, fito zikainama, zikarudi. Niliona kitambaa cha juu kinalegea kidogo. Kikilowa hulegea, hiyo ndiyo tabia yake, na kikilegea kitagusa cha ndani. Nikafungua zipu kidogo, nikatoa mkono chini ya koti, nikakaza kamba moja ya mlangoni, kisha ya upande wa mpapai. Nikarudisha mkono, nikaufuta, nikakaa. Maji yalikuwa yanaunguruma pande zote, na mimi niko katikati, mkavu, nacheka peke yangu kama kichaa. Niliipenda nyumba ile ndogo. Niliipenda kweli.

"Papa! Uko mzima?" mke wangu aliita.

"Niko mkavu!"

Ilipokatika, honi ililia tena, safari hii karibu: treni iko stesheni. Mama alisema, "Kuku, aletewe mtu blanketi." Mke wangu akaja akalichukua mikononi mwangu. Nilichungulia kwenye tundu la zipu. Mama alilifunua, akalipapasa katikati, akalipapasa pembe, kisha akaliweka shavuni akafumba macho. Alikaa hivyo kidogo. Honi ikapiga mara ya tatu. Akainama akamfungua kuku miguu.

"Kimbia," alimwambia. "Hatuendi popote."

Mtoto alikuja siku chache baadaye, mchana kweupe. Uchungu ulianza mke wangu akiwa anasonga bukari, na hakuwa peke yake: mkono wa mama yake ulikuwa kiunoni mwake tangu mlangoni kwetu hadi ndani ya maternite. Mimi nilisimama nje, sina kichwa cha kunyoa. Niliposikia kilio kile chembamba, chenye hasira, nilikaa chini palepale kwenye simenti nikalia. Binti.

Kuku akatimiza kazi yake, akawa supu. Nilimwonea huruma, nasema ukweli. Na nyumba ikaingia kimya, maana mke wangu alikuwa analala muda mwingi na mimi na mama hatukuwa tena na mtu wa katikati. Tulipishana uani macho chini, kila mmoja na lake moyoni.

Jioni moja mawingu yalianza kupanda ziwani. Nilikuwa ndani ya hema nikasikia nyayo zinakuja, zikasimama karibu na mlango, mahali ambapo hazijawahi kufika. Nikageuza uso haraka. Nilisikia kitu kinawekwa kwenye mkeka, taratibu, kisha nyayo zikarudi nyuma. Nilipotazama, binti yangu alikuwa mlangoni, amefungwa kwenye kitenge, macho yamefumbuka. Bibi yake alikuwa amesimama pembeni, ametupa mgongo.

"Mama mudogo," alimwambia mtoto, "kuku tumemula, sasa kazi njo yako. Bati la kule ndani linavuja juu ya kitanda. Mwambie mwanangu akupokee, kwake ni pakavu."

Mwanangu. Nilimchukua mtoto, nikamweka kifuani.

"Mwambie mama yangu," nilimwambia mtoto, "nimesikia."

Mtoto akapiga mwayo. Mvua ikaanza. Nilitoa mkono nje nikakaza kamba ya mlangoni, nikafunga mlango, nikamlaza binti yangu juu ya lile blanketi, na hakuna tone lililomfikia.